Kifuu cha Komba

Paukwa!

Pakawa!

Mlio mbele, ketini. Mlio nyuma, sogeeni. Watoto wasikie, na watu wazima wasijifanye hawasikii. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde liitwalo Kizumbwi. Watu walikaa humo, kisha wakahama. Wakabeba kuku, wakabeba mikeka, wakabeba hata milango. Minazi hawakuweza kuibeba. Ikabaki minazi kumi na mmoja, mirefu, imesimama mchangani. Wanyama wakairithi.

Mgema wa minazi ile alikuwa Mbega. Sisemi Kima, sisemi Ngedere, wala Nyani. Nasema Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani kama joho. Asubuhi anapanda, jioni anapanda. Analikata karara la mnazi kwa kisu chake, kipande chembamba kama ukucha. Analifunga, analitundikia kibuyu. Tembo, ile pombe ya mnazi, linadondoka. To! To! To!

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, wanyama wazima hukusanyika barazani, kwenye mchanga wa minazi. Watoto hawaruhusiwi. Kila mmoja anakuja na kifuu chake, kipande cha ganda la nazi kilichosuguliwa kikang'aa. Anakiweka mbele yake. Mbega anapita na kibuyu, anamimina.

Na walikuwa na desturi yao. Ukitosheka, unafudikiza kifuu chako mwenyewe. Mdomo chini, tako juu. Ko! Mbega akiliona tako la kifuu, anapita. Hakuna kubembelezana, hakuna kuchekana, hakuna kuulizana unaumwa nini. Wala hakuna wa kumfudikizia mwenziwe. Mke hamfudikizii mume, mkubwa hamfudikizii mdogo. Kukigusa kifuu cha mwenzio lilikuwa tusi kubwa kuliko kofi.

Ngiri alikuwa anakunywa viwili. Ko! Nungunungu kimoja. Ko! Kobe nusu, halafu analala. Lakini kabla ya kulala, ko!

Komba hakuwa na ko.

Komba ni yule mdogo, mwenye macho makubwa na mkia mrefu, alalaye mchana na kutembea usiku. Kifuu chake kilitazama juu tangu mwanzo mpaka mwisho. Akimaliza kifuu, anamfuata Mbega. Akimkosa Mbega, anapanda mwenyewe juu ya mnazi, anatia kichwa kibuyuni. Huko juu anaimba, na sauti yake ni kama mtoto anayelia.

Pembeni mwa baraza, kwenye majani marefu, alikaa Kanga. Kanga hakuwa mnywaji. Alikuwa mama mwenye kazi zake, mwenye madoadoa meupe yaliyopangika, mwenye maneno mengi asubuhi na machache jioni. Msimu ule alikuwa ametaga mayai kumi na mawili. Alikuwa ameyaatamia siku kumi na tisa.

Asubuhi moja Kanga alitoka kidogo kwenda kunywa maji. Alipokuwa anarudi akasikia wimbo juu ya mnazi. Wimbo ukakatika. Kisha akasikia, pu! Kisha akasikia kitu kingine, nacho sitakiigiza, kwa sababu wamo humu wenye watoto.

Akakimbia. Akamkuta Komba ameketi katikati ya kiota. Mikono yake ilikuwa ya manjano.

"Kere! Kere! Kere!" Kanga akalia. "Wanangu, wewe Komba! Wanangu kumi na wawili!"

Komba akajitazama mikono. Akatazama maganda. Pombe ikamtoka kichwani mara moja.

"Sema basi!" Kanga akamwambia. "Kila siku unaimba. Leo imba!"

Komba akainuka, akaondoka, anajipangusa mikono na haipanguki.

Jioni ile wanyama wakakusanyika barazani. Komba akaja na kifuu chake. Mbega alikuwa bado hajaanza kumimina. Komba akakiweka mchangani, mdomo chini, tako juu. Ko! Wote wakageuka. Hawakuwahi kuisikia sauti ya kifuu kile.

Komba akamtazama Kanga kule majanini. "Bi Kanga," akasema, "mayai siwezi kuyaunganisha. Ukitaga tena, nitakulindia mimi. Wewe unalala usiku, mimi silali. Na kila jioni nitakayolinda utaisikia sauti hii. Jioni usipoisikia, nifukuze."

"Maneno ya mlevi hayo!" Kanga akajibu. "Kesho yatakuwa kwenye kibuyu!"

Kulipokucha, Kanga akaenda kwa Mfalme.

Mfalme wa Kizumbwi siku zile alikuwa Pofu. Pofu si Nyati wala si Tandala. Ni yule mkubwa wa rangi ya mchanga, mwenye pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia kooni. Alikuwa mfalme mwema. Hakula cha mtu, hakumpiga mtu, na tembo hakuwahi hata kulinusa. Tatizo lake lilikuwa moja: kila alilolipenda yeye, aliona kila mtu alipende.

"Ewe Mfalme," Kanga akasema, "naja na shauri. Komba ameniulia wanangu. Nataka tembo likomeshwe."

"Unataka Komba aadhibiwe, au unataka tembo likomeshwe?"

"Tembo, Mfalme. Likiisha tembo, watakwisha walevi."

Pofu akatikisa pembe. Neno lile lilimpendeza sana. "Mimi sinywi," akasema. "Na wao wasinywe."

Akamwita Nguchiro, askari wake. Akampa amri tatu. Vibuyu vishuke minazini. Mbega asipande tena. Na vifuu vyote viletwe barazani, vivunjwe.

Vifuu vikaletwa. Kacha! Kacha! Kacha! Ngiri akaleta chake, kacha! Nungunungu akaleta, kacha! Kobe akaleta, akageuza uso asione. Mbega akasimama kando na kisu chake. "Karara lisipokatwa kila siku linakauka," akasema, hamwambii mtu. Kanga alitazama lundo la vipande, akaona moyo wake umetulia kidogo.

Komba hakuja. Ulikuwa mchana, naye alikuwa amelala. Kuhusu kifuu chake, Nguchiro alisahau kuuliza.

Sasa Nguchiro ndiye aliyekuwa mkubwa wa pumzi za watu. Asubuhi yuko njiani, jioni yuko njiani.

"Simama! Toa pumzi!"

"Haaa."

"Tena!"

"Haaaa."

"Pita."

Akamkamata Kobe kwa kula zambarau zilizoiva kupita kiasi. Akamkamata Ndege Chiriku kwa kuimba bila sababu. Siku moja akamkamata Kinyonga.

"Kosa langu nini, bwana mkubwa?" Kinyonga akauliza.

"Unayumba."

"Ndivyo ninavyotembea! Baba yangu aliyumba, babu yangu aliyumba!"

"Kumbe ni ukoo mzima," Nguchiro akasema. "Twende."

Kanga alicheka siku ile, halafu akajiona vibaya, kwa sababu Kinyonga alikaa kifungoni siku tatu, na alipotoka bado aliyumba.

Mwezi uliofuata Kanga akataga tena. Mayai kumi na mawili. Akaanza kuatamia. Jioni ya kwanza, baraza ikiwa tupu, akasikia, ko!

Akachungulia. Komba alikuwa ameketi peke yake mchangani, mahali pake pa siku zote. Mbele yake kifuu, mdomo chini. Hakuna Mbega, hakuna kibuyu, hakuna mtu. Akakaa kidogo. Kisha akakichukua kifuu, akapanda juu ya mti ulio karibu na kiota, akafumbua macho yake makubwa.

Kanga aliwaza. Kifuu kizima ni kosa. Amwambie Nguchiro? Akajikuta amenyamaza. Akajiambia, nitanyamaza leo tu.

Jioni ya pili, ko! Ya tatu, ko! Ya nne, mvua inanyesha, ko!

Jioni ya tano Komba alikuja anatetemeka. Mikono inatetemeka, mkia unatetemeka. Akakishika kifuu, akakigeuza tako chini. Akakigeuza mdomo chini. Akakigeuza tena.

"Bi Kanga," akasema, "niongeleshe."

"Nikuongeleshe nini mimi?"

"Lolote. Nitukane, ukitaka."

Kanga akamtazama. Alikuwa na matusi ya kutosha, na mengine hajayatumia. Lakini aliiona ile mikono. "Nimewapa majina," akasema.

"Nani?"

"Hawa ninaowalalia. Wa kwanza Mosi. Wa pili Pili. Wa tatu Tatu."

"Hayo si majina, Bi Kanga. Hiyo ni hesabu."

"Haya, mwalimu, sema wewe!"

Komba akafikiri. "Wa nne mwite Zawadi. Wa tano Mkunjuo. Wa sita..." Na katika kutafuta jina la sita, mikono ikatulia. Ko!

Kanga hakulala upesi siku ile. Alishangaa kwamba kiumbe mdogo kiasi kile, asiyefika hata kimo cha shingo yake, alikuwa na nguvu ambayo yeye hakuwahi kuiona kwa Ngiri mwenye pembe mdomoni.

Maana mambo ya Ngiri yalikuwa yameharibika.

Tembo halikukoma. Liliingia ndani. Kulikuwa na shimo kubwa la Muhanga, yule mchimbaji wa mchwa mwenye masikio marefu. Wanyama wakawa wanaingia humo mmoja mmoja. Mbega alikataa kuwagemea. Basi wakapanda wasiojua. Hawakukata karara, wakakata moyo wa mnazi. Minazi mitatu ikafa imesimama. Tembo lenyewe lilikuwa kidogo, wakaliongeza maji ya mizizi, na mizizi gani, hata waliochimba hawakuijua.

Mle shimoni hapakuwa na vifuu. Kibuyu kilikuwa kimoja, kinapita gizani mdomo kwa mdomo. Anayekipitisha bila kunywa anaulizwa, "Hunywi? Basi wewe umetumwa na Nguchiro!" Aliyekuwa akinywa kimoja akanywa vitano. Ngiri wa viwili alikuwa anatoka anatambaa.

Kanga aliwaona wakipita karibu na kiota chake, wanajikwaa, wanacheka kicheko kisicho na furaha. Alikuwa ametaka walevi waishe. Zamani alikuwa na mlevi mmoja juu ya mti. Sasa alikuwa nao kumi katika majani.

Ikafika siku ya ishirini na nne. Zimebaki siku mbili mayai yaanguliwe. Asubuhi hiyo Nguchiro alipita chini ya mti anaolala Komba. Akainua pua. Hakunusa tembo. Lakini katika tundu la mti aliona kitu kinang'aa.

"Haya!" akapiga kelele. "Kifuu! Kifuu kizima!"

Komba akaburutwa barazani, macho yamefumba kwa jua. Wanyama wakaitwa. Pofu akaja, akasimama katikati. Kanga, kwenye kiota chake hatua thelathini kutoka pale, alisikia kila neno.

"Komba," Pofu akasema, "toa pumzi."

"Haaa."

Pofu mwenyewe akanusa. Palikuwa na harufu ya utomvu wa mgunga, chakula cha makomba. Hakuna kingine. Mfalme akafurahi sana. "Mmeona?" akawaambia watu wake. "Mlevi mkubwa kuliko wote wa bonde hili, leo hana hata harufu! Amri yangu imemponya. Nguchiro, vunja kifuu hicho. Komba, nenda zako, nakusifu."

"Mfalme," Komba akasema, "kikivunjwa hiki, jioni nitafudikiza nini?"

Watu wakacheka. Nguchiro akacheka zaidi. "Hufudikizi kitu, mjinga wewe! Tembo hakuna!"

"Tembo lipo," Komba akasema.

Kicheko kikakatika. Wengine wakatazama miguu yao.

"Lipo wapi?" Pofu akauliza.

"Hilo sitasema, Mfalme. Sikuja kumchongea mtu. Lakini pua ninayo. Kila jioni linaniita, na kila jioni ninalikataa. Hiki ndicho ninachokatalia. Mfalme anasema amri imeniponya. Amri ilikuja kesho yake. Mimi nilifudikiza jana yake, tembo likiwa tele, Mbega amesimama mbele yangu. Mwulizeni."

"Ni kweli," Mbega akasema.

Pofu akakunja uso. Hakuzoea kunyang'anywa sifa. "Amri ni moja kwa wote," akasema. "Chagua. Kivunjwe ukae, au ukichukue uhame. Leo."

Komba akageuza macho kule majanini. Na Kanga aliyaona macho yale, akayaelewa. Akihama, nani atalinda mayai siku mbili hizi, na majani yamejaa walevi? Akikaa bila kifuu, mikono ile itatulizwa na nini?

Kanga akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba akaacha mayai bila kuyafunika. Akaja barazani mbio, mabawa wazi.

"Ewe Mfalme! Shauri hili nililileta mimi. Naomba kusema."

"Sema, Bi Kanga. Wewe ndiye uliyedhulumiwa."

"Nilidhulumiwa mayai, Mfalme. Sikudhulumiwa kifuu. Ulinipa nafasi siku ile, nami sikuitumia. Uliniuliza, Komba aadhibiwe au tembo likomeshwe? Nilipaswa kusema alipe mayai. Na analipa! Jioni ishirini na tatu amekaa juu ya kiota changu, hajasinzia. Nilitaka akomeshwe. Amejikomesha. Sasa mnataka kumvunjia kile alichojikomeshea?"

"Bi Kanga naye kalewa," Nguchiro akasema. "Toa pumzi, mama!"

"Pumzi yangu utaipata ya mdomo mkali, wewe kinyago cha njiani!" Kanga akasema. Alikuwa anataka kuongeza. Hakupata nafasi.

Majani yakavuma. Wote wakageuka. Ngiri alikuwa anatoka upande wa shimo la Muhanga, jua la saa nne limemwingia machoni. Macho yenyewe mekundu. Anakwenda kulia, anarudi kushoto. Mkia juu, kichwa chini. Na njia yake ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye mayai kumi na mawili.

"Kere! Kere! Kere!" Kanga akalia. Hatua thelathini. Hatawahi.

Komba hakulia. Komba aliruka. Mara moja, shu! Mara ya pili, shu! Makomba hawakimbii, huruka, na hakuna kiumbe bondeni aliyemfikia kwa kuruka. Ya tatu ikamfikisha mbele ya kiota. Akajitandaza pale, mikono wazi, akalia ile sauti yake ya mtoto.

Ngiri akaisikia. Akasimama, lakini ulevi haukusimama upesi. Kwato moja ikashuka. Ka! Ikaangukia mguu wa Komba. Kisha Ngiri akaanguka ubavu, upande wa pili.

Kanga akafika. Akahesabu. Mosi, Pili, Tatu, Zawadi, Mkunjuo, mpaka wa kumi na mbili. Hakuna hata ufa.

Pofu alikuja taratibu. Alimtazama Komba anayeuma meno kwa maumivu. Akamtazama Ngiri aliyelala mchangani. Hakumwambia atoe pumzi. Haikuhitajika.

"Ngiri," akasema, "zamani ulikuwa unakunywa vifuu vingapi?"

"Viwili, Mfalme."

"Na sasa?"

Ngiri akafikiri kwa shida. Machozi yakamtoka. "Sijui, Mfalme. Shimoni hakuna kifuu."

Na hapa nitamsifu Pofu pia, kwa sababu wafalme wengi wangemfunga Ngiri na kuongeza Nguchiro wawili. Yeye akasema, "Nilivunja kitu nisichokijua kazi yake." Akasema mbele ya watu wote.

Kisha akatoa amri nyingine, fupi. Anayemwumiza mwenziwe, akiwa amelewa au hajalewa, atalipa alichoumiza. Watoto hawatapewa tembo, kama zamani. Kifuu ni cha mwenyewe. Nguchiro akapewa kazi ya kuua nyoka, nayo aliifanya vizuri sana.

Nguchiro alikuwa bado amekishika kile kifuu. Pofu akakichukua kwa mdomo, akakiweka mchangani mbele ya Komba. Akakiweka tako chini, mdomo juu. Wengine wakashangaa. Lakini Mfalme alikuwa ameielewa desturi. Hakumfudikizia.

Komba akanyoosha mkono, mguu unamwuma. Ko!

Siku mbili baadaye mayai yakaanguliwa, yote kumi na mawili. Ngiri alimletea Komba utomvu kila siku mpaka mguu ukaunga, na hakutazamana naye usoni mpaka siku ya saba. Mbega akapanda tena minazi minane iliyobaki. Wanyama wakasugua vifuu vipya. Sitasema wote walitosheka kwa viwili. Wapo waliozidisha, wakaumwa vichwa, wakaombana radhi. Lakini walikunywa juani, na aliyetaka kuacha alikuwa na kitu cha kufudikiza.

Jioni moja Pofu akaja barazani. Mdomoni amebeba kifuu kipya. Watu wakapisha, wakanong'ona, "Mfalme anaanza!" Akakiweka mchangani. Mbega akakaribia na kibuyu, mkono haujui la kufanya.

"Siku zote sinywi," Pofu akasema, "lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka."

Akakigeuza kwa ncha ya pua. Ko!

Na pembeni yake Komba akacheka, Kanga akacheka, na vifaranga kumi na wawili wakalia kere kere bila kujua kinachochekwa.

Basi, wadogo kwa wakubwa, mafunzo ni haya. Mwenye nchi ana haki ya kudai mayai yaliyovunjwa. Kujizuia hawezi kukuagizia, wala askari hawezi kukuletea. Hiyo ni kazi ya mkono wako mwenyewe, nayo ni kazi ngumu, na ukimwona mtu anaifanya, mvulie kofia.

Hadithi yangu imekunywa, imetosheka, na hapa inafudikiza kifuu chake.

Ko!